Milioni Moja na Tatu

Mia tisa tisini na saba nayo ikabakisha kumi na mbili. Musembi akatupa penseli kwenye maranda, akashika kichwa.

Wiki tatu, jameni! Fundi mzima wa Kambi Muru anagawanya namba moja juu ya vipande vya mbao, wateja wanaulizia vitanda vyao, na yeye anawaambia wangoje tu.

Balaa ilianzia Kawangware, kwa Mzee Ndegwa mwenye ploti. Musembi alienda na mjomba wake Kilonzo kumposa Shiru, binti wa Ndegwa na mwalimu wa hesabu, wakiwa na mbuzi watatu kama wanavyofanya Wakamba. Shiru alikuwa jikoni na kina mama. Posa ni maneno ya wazee. Ndegwa aliwatazama wale mbuzi, akaingia ndani, akakawia, akarudi uso umemkauka.

"Mbuzi rudisheni. Niletee namba mbili, ukizizidisha zitoe milioni moja na tatu. Moja haikubaliwi. Ufanye kwa mkono, simu hapana. Ukizipata, Shiru ni wako. Ukizikosa, usimtafute tena."

"Huyu mzee ana roho mbaya," Kilonzo alisema wakitoka. Lakini Musembi alikuwa ameshakubali. Kwa Shiru angekubali hata kuhesabu mchanga.

Shiru mwenyewe alimpa moyo kwa simu. "Gawanya kwa namba tasa pekee, babe, zile hazigawanyiki. Ukimaliza zote za chini ya elfu moja na hujapata, basi hakuna." Zilikuwa mia moja sitini na nane. Tatu ikabakisha moja. Saba ikabakisha nne, kumi na moja nne, kumi na tatu nne. Kila asubuhi Shiru alipiga kuuliza amefika wapi. "Usichoke," alimwambia.

Sasa zimeisha. Milioni moja na tatu yenyewe ni tasa, haigawanyiki hata ulie damu.

Jumapili Musembi akaingia kwa Ndegwa bila mjomba, bila hodi.

"Mzee, umenichezea! Hiyo namba haina njia, na ulijua tangu siku ya kwanza! Kama hutaki Mkamba kwa boma yako, si ungesema tu? Mimi nampenda Shiru, na yeye ananipenda. Wewe ndiye umesimama katikati!"

Ndegwa hakukasirika. Alimvutia kiti, akammiminia chai, akakosa pa kuweka macho.

"Kijana, mimi shule niliachia darasa la tatu. Kama ni mimi, ungemchukua siku ile ile. Hiyo namba nilipewa jikoni na Shiru, akanikaririsha mara tatu ndio nisikosee."