Nafasi ya Beatha

Mama Beatha alikaa kwenye benchi la watoto, magoti yamekaribia kidevu, akingoja zamu yake ya kinanda. Nyuma yake watoto kumi na mmoja walikuwa wakiminyana mbavu kwa kucheka, na nani angewalaumu? Katika darasa la muziki la usharika wa Vudee mwanafunzi mkubwa alikuwa na miaka kumi na mitatu. Huyu alikuwa mtu mzima, vidole vyake vimechanwachanwa na miiba ya mkonge.

Mwalimu Rogathe alimwita mbele, akamwonyesha zoezi la juma lile, mkono wa kulia kwanza, kisha wa kushoto. Mama alicheza polepole huku akikanyaga pedeli za kupuliza upepo, na kila alipokosea alirudi mwanzo. Alipomaliza aliuliza kama hivyo ndivyo akamfundishe binti yake.

"Hivyo hivyo," mwalimu alimjibu. "Mwambie asiukimbize mkono wa kushoto."

Darasa lile tangu zamani lilikuwa la watoto wa wazee wa kanisa na wa walimu, watu ambao vitabu vya nota walivikuta nyumbani. Mwaka huo wa 1988, sukari ya kutafuta kwa tochi na mashamba ya mkonge yakilipa watu kwa ahadi, Rogathe aling'ang'ana na baraza la wazee mpaka akapewa nafasi moja, moja tu, kwa mtoto wa bondeni. Mzee Eliamini alimuuliza tangu lini mtoto wa manamba wa mkonge akasoma nota. Wakamwekea na sharti: mtoto huyo akikosa somo mara mbili, jina lafutwa, na nafasi inarudi kwa wenyewe.

Nafasi ilichukuliwa na Beatha, binti wa miaka kumi na mmoja kutoka kambi ya wakata mkonge karibu na Makanya. Alihudhuria masomo mawili. Katika lile la pili alikipiga kipande kizima alichokuwa amekisikia mara moja tu kwa mwalimu, kisha akageuka kuangalia kama kuna mtu amekasirika. Rogathe alirudi nyumbani akalia kwa furaha. Miaka kumi na tisa ya kufundisha, hakuwa amepata mtoto wa namna ile.

Jumamosi ya tatu akaja mama peke yake, vumbi mpaka magotini, baada ya saa nne za kupanda mlima. Alisimama mlangoni akaanza kusema kwamba amekuja kwa ajili ya Beatha, na Rogathe, Mungu amsamehe, hakumwacha amalize. Alimwambia kama ni habari za kuacha, hataki hata kuzisikia. Wazee walikuwa wanatafuta kisingizio tu, na yeye jina la mtoto yule halifuti ng'o. Kisha, akikumbuka mawe ya njia ile, akauliza kama mtoto ameumia. Ni mguu?

Mama alijipangusa vumbi la magotini.

"Ni mguu," akasema.

Hapo mwalimu akapata ujanja. Sharti lilisema somo lisikosekane. Halikusema mama asilipokee kwa niaba ya mtoto. Akamkalisha mama kwenye kinanda, akafungua daftari la mahudhurio, na mbele ya jina la Beatha akaandika kwamba yupo.

Zikapita Jumamosi kumi na moja. Masika yakashuka, njia ikawa utelezi mtupu, na mama akaja vilevile. Alikuja na habari pia. Beatha anajizoeza kwenye ukingo wa kitanda. Kidole cha nne kinamkataa. Jana kapigapiga ubao mpaka baba yake akamwambia apumzike. Rogathe alizipokea habari hizo kwa njaa, na kila alipokutana na Mzee Eliamini alimpakulia zote. Mama naye alikuwa akiiva. Watoto waliacha kucheka, na mmoja wao akaanza kumsogezea kiti.

Mwezi wa sita likaja tangazo: mwalimu wa muziki angefika kutoka Moshi kuwasikiliza watoto na kumchagua mmoja wa kusomeshwa bure. Kwa hilo mama asingeweza kumwakilisha mtu. Rogathe alimweleza wazi kwamba Beatha lazima aje mwenyewe, abebwe mgongoni, abebwe kwa machela, vyovyote vile. Mama alibaki ameweka vidole juu ya kinanda bila kubonyeza.

"Nitamwambia," alisema.

Mwalimu hakuridhika na jibu hilo. Jumatano iliyofuata aliomba lifti kwenye lori la maharage lililokuwa likishuka Makanya, akapatana na dereva kwamba wakati wa kurudi mtoto akae mbele. Alichukua na blanketi la kumwekea chini ya mguu. Njia nzima alikuwa na furaha ya kitoto, kwa sababu moyoni alikwishajua ni nani atakayechaguliwa.

Kambini alionyeshwa nyumba. Mama alikuwa bado shambani. Baba yake Beatha, Paschal, mtu mpole wa maneno machache, alikuwa nje akinoa kisu cha kukatia mkonge. Alimkaribisha mgeni kigoda. Rogathe alijitambulisha kuwa ndiye mwalimu wa muziki wa kule Vudee, akasema amekuja kumchukua Beatha, na mguu usiwatie wasiwasi kwani gari lipo.

Paschal aliweka kisu chini.

"Mwalimu, Beatha tulimzika mwezi wa tatu," alisema. "Malaria, siku mbili tu. Kila Jumamosi mama yake anapanda huko kuwaambia mlifute jina, na kila akirudi ananiambia hakuwakuta."