Mashine ya Marehemu

Kofi la pili lilimkuta fundi wa kompyuta ameinama juu ya mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, na miwani yake ikaruka hadi chini ya meza.

"Nimekwambia iwashe," alisema mchinjaji. "Sikukuomba hotuba."

Alikuwa ameingia asubuhi hiyo na kompyuta begani, kwa mkono wa pili akimburuta mjane wa mdogo wake. Aliusukuma mlango kwa kisigino ukajifunga, akachomoa kisu chake cha kazi, akakilaza mezani. Kwenye bati la kompyuta kulikuwa na damu iliyokauka.

"Hii ndiyo ilikuwa inarekodi kamera ya duka la dawa la mdogo wangu," alisema. "Kapigwa nondo ya kichwa mchana kweupe. Polisi wamenirudishia, wanasema mashine imekufa. Mimi nasema haijafa."

Fundi alikuwa ameshajaribu mengi. Umeme ulikuwa unafika. Feni ilizunguka mara moja ikatulia, kama mtu aliyeitwa akaghairi kuitika. Kioo, cheusi tii. Alibadilisha betri ndogo ya saa, akachomoa RAM zote mbili, vile vibao vyembamba vya kumbukumbu, akazisugua miguu kwa raba, akazirudisha. Kimya. Hata ule mlio mfupi wa kulalamika haukutoka.

"Labda imekufa kweli," alisema mjane taratibu. "Kilichokufa kimekufa, shemeji. Turudi nyumbani."

Mchinjaji alimshika bega, akambamiza ukutani hadi kalenda ikaanguka.

"Utakaa hapo hapo. Na utatazama pamoja nami."

Fundi aliinuka kumtetea. Ngumi ikampata mdomoni, akameza damu. Kisha mchinjaji akaudaka mkono wake wa kushoto, akakikunja kidole cha mwisho kinyumenyume mpaka kikalia kama kijiti kikavu.

"Umebakiwa na tisa," alisema. "Kazi yako inataka vingapi?"

Simu ya mchinjaji ikaita. Alisogea dirishani kuipokea. Mjane akainama, akaiokota miwani, akamwekea fundi kiganjani.

"Ni yeye aliyemuua mume wangu," alinong'ona. "Anataka kujua kamera iliona nini, halafu aifute. Ikiwaka tu, kaka yangu, mimi na wewe hatutoki humu."

Fundi aliwahi kuwa na dada. Alizikwa huku majirani wakinong'ona maneno kama hayo kuhusu mumewe, na hakuna aliyefanya kitu. Lile neno kaka lilimwingia kuliko maumivu ya kidole.

Alivaa miwani yenye ufa, akazichomoa tena zile RAM, akamulika tochi mahali zinapokaa. Chini kabisa, katikati ya vijino vya shaba, kulikuwa na ncha ya sindano. Haikudondokea pale, ilishindiliwa. Akaitoa kwa kibano, akarudisha RAM moja. Alijua sasa mashine itawaka. Hakusema.

"Bosi, njoo unishikie tochi," fundi alimwambia mchinjaji alipomaliza simu. "Kidole kimoja hakipo kazini."

Mchinjaji akaja, akainama. Ghafla sauti yake ikawa ndogo.

"Fanya taratibu, fundi. Nataka kumwona tu."

Fundi alinyanyua pawasaplai kuukuu, lile kasha la chuma la kugawa umeme, nzito kama tofali, akamshushia nayo kisogoni. Kisha tena. Mchinjaji alipiga magoti, akashikilia ukingo wa meza, akafungua kinywa kutaka kusema neno. Fundi alisita.

Mjane hakusita. Alikitwaa kisu, akakizamisha chini ya sikio la shemeji yake, akakivuta hadi upande wa pili.

Ilichukua muda mrefu kuliko fundi alivyodhani. Miguu ilipiga sakafu, ikapiga, ikaacha. Nje, watu waliendelea kupita na mazungumzo yao.

"Mungu akulipe, kaka," alisema mjane. Pumzi yake ilikuwa imetulia. Akaenda chumba cha nyuma kunawa, na kisu akaenda nacho.

Fundi alibaki akimtazama maiti. Polisi wangekuja. Wangeuliza. Nani angeamini kwamba watu wawili walikuwa wakijitetea? Lakini shahidi alikuwepo mezani pale. Akachukua bisibisi, akagusisha vijiti viwili vya kuwashia vya mazabodi.

Feni ikazunguka, na safari hii haikuacha. Ukatoka mlio mmoja mfupi. Kioo kikapata mwanga, na programu ya kamera ikajifungua yenyewe. Akairudisha nyuma hadi siku ya mauaji.

Muuza dawa alikuwa ameinama kwenye kaunta, akibandika karatasi kwenye chupa. Mkewe alitokea stoo nyuma yake, nondo mikononi, akapiga, akapiga tena, akaondoka bila haraka. Ilipita robo saa kabla mchinjaji hajaingia mbio, akaanguka sakafuni na kumpakata mdogo wake kama mtoto mchanga.

Katika chumba cha nyuma, maji yalikuwa yameacha kutiririka.

"Imewaka, kaka?" aliuliza mjane, karibu kabisa na sikio lake.