Breki ya Abiria

Fundi Chande alipong'oa kapeti la gari kuukuu la Mzee Mbaruku ili aipake sakafu lami ya kuzuia kelele, alikuta bati la mbele ya kiti cha abiria limebonyea.

"Mzee, hapa pamegongwa na nini?"

"Kisigino cha marehemu mke wangu. Nikikanyaga mafuta tu, na yeye anakanyaga breki isiyokuwepo. Nikamwambia, wewe utanitobolea gari!"

Fundi akashika nyundo. "Nipanyooshe?"

"Paache. Hata lami usipake hapo."

"Kelele zitapitia hapo, mzee."

"Zipite."

Lami ilipokauka, Mzee Mbaruku akaliingiza gari barabarani kabla kapeti halijarudishwa. Lilikuwa kimya mno, hata upande wa abiria. Akakanyaga mafuta, akazidi kukanyaga, huku akilitupia jicho lile bati tupu.