Kura Zote kwa Polycarpe

Mkurugenzi wa chuo alikuwa amepanda juu ya kiti, anabandika kwa mikono yake mwenyewe picha ya Polycarpe kwenye mlango wa sekretarieti.

Polycarpe alipomwona, alishtuka. Mtu anagombea urais wa sendika ya wafanyakazi, halafu picha yake inabandikwa na mwajiri? Si watu watasema amenunuliwa?

"Papa DG, acha, nitabandika mie mwenyewe."

"Hapana, kaka! Sendika inahitaji muntu mukali kama weye," Mkurugenzi alijibu, huku akinyoosha pembe ya karatasi kwa kidole. "Na biro, ofisi yako mupya, iko tayari. Nimetia kiti ya kuzunguka."

Polycarpe alikuwa mpishi wa chuo mwaka wa sita sasa, na miaka yote hiyo aliutamani urais kwa moyo wake wote. Alikuwa na mengi ya kumwambia Mkurugenzi usoni: wafagiaji wasio na mikataba, paa zinazovuja, walinzi wasio na makoti ya mvua katika baridi hii ya Masisi. Kanuni ya sendika nayo ilimfaa: anayechaguliwa huacha kazi yake ya kila siku na kukaa ofisini kuwatetea wenzake kwa miaka mitatu.

Lakini wiki ile alikosa raha kabisa, maana kila mkubwa alimpenda. Profesa Athanase, mzee asiyepatana hata na kivuli chake, alimkumbatia mbele ya maktaba, watu wakiona.

"Wananitegea mtego," Polycarpe alijiambia. "Wanadhani mimi ni mlaini."

Basi siku ya mkutano wa kampeni alikuja amewaka moto. Alimtaja Mkurugenzi kwa jina, akamwita mtu wa ahadi za mdomoni, akaapa kumnyima usingizi. Ukumbi mzima ulisimama kushangilia. Mkurugenzi, aliyeketi nyuma kabisa, alipiga makofi mpaka miwani ikamdondoka.

Hapo Polycarpe aliogopa kwelikweli. Alikwenda moja kwa moja jikoni kwa Mama Libérata, msaidizi wake, ambaye pia alikuwa mpinzani wake wa pekee. Alimkuta anapuliza makaa.

"Dada, batu banasema nini juu yangu?"

"Banasema uingie mu urais."

"Na weye?"

"Mie nimetoka mu kampeni. Kura yangu iko yako, Papa."

"Balikupatia kitu?"

Mama Libérata alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Hakuna muntu alinipatia kitu. Ni weye tu njo tunataka. Sisi bote."

Ijumaa walipiga kura. Karatasi zilikuwa arobaini na moja, na zote arobaini na moja ziliandikwa Polycarpe. Alilia waziwazi, hakuona haya. Aliona mashaka yake yote yalikuwa dhambi tupu. Watu walimpenda, basi.

Jumatatu aliketi kwenye kiti chake cha kuzunguka, akakizungusha mara mbili kukijaribu, kisha akaandika barua yake ya kwanza. Ilikuwa kali. Saa sita mchana akaamua kuipeleka kwa mkono wake.

Ofisi ya Mkurugenzi haikuwa na mtu. Sekretarieti tupu. Maktaba imefungwa. Hata mlinzi hakuwepo langoni. Kumbe mtego ndio huu, wanakutana bila yeye!

Kelele zilitoka bwaloni. Alijikaza, akakamata barua yake vizuri, akasukuma mlango.

Chuo kizima kilikuwa mezani, hata wale ambao kwa miaka sita walimrudishia sahani jikoni zikiwa zimejaa. Profesa Athanase alikuwa anafuta sahani yake kwa tonge la mwisho la bugali, amefumba macho. Na Mkurugenzi alikuwa amesimama mbele ya Mama Libérata, anamwomba maharage kwa mara ya tatu.