Viberiti Vitano Mezani

Viberiti vitatu kati ya vitano vilikuwa karibu kugongana pale Kisilu alipopiga meza kwa kidole na kusema, "Simama."

Kavata, mkewe, aliyekuwa akivisukuma kana kwamba ni ndege, akaondoa mikono. Kisilu akaviruhusu kimoja kimoja, kwa zamu, na vyote vikapita salama. Kisha akajiegemeza kitini kama mtu aliyekwisha kupewa kazi.

Mlangoni alikaa jirani yao wa hapo Makongeni, Laban Andati, karani wa kiwanda cha sabuni, na kitabu cha ndege magotini. Yeye na Kisilu walikuwa wamejiandikisha kwa mtihani mmoja. Tangazo la gazetini lilitaka watu wa kufunzwa kuongoza ndege, na lilisema wazi kwamba si lazima mtu awe amewahi kufanya kazi ya ndege. Kisilu aliona sentensi hiyo ndiyo iliyompa Laban jeuri, mtu ambaye hajawahi kuongoza hata mkokoteni. Tena alikuwa amekariri majina ya ndege na urefu wa mabawa yake, na kila Jumapili alikwenda kusimama kwenye ua wa uwanja wa ndege, ameinua shingo, anatazama zinavyotua. Kisilu alimwonea aibu.

Yeye Kisilu alikuwa na miaka saba katika kibanda cha kuongozea treni. Za abiria, za mizigo, zote juu ya reli moja, na hajawahi kugonganisha hata toroli. Kanuni yake ilikuwa fupi: ukiingiwa na shaka, washa taa nyekundu. Wote wakae walipo, wewe ufikiri.

"Lakini ndege, bwana Kisilu," Laban alianza.

"Wewe umewahi kupokea treni?"

Laban akakiri kwamba hajawahi.

"Basi angalia picha zako."

Kavata hakucheka. Nyumba ile ilikuwa ya reli, na anayeacha kazi ya reli huiacha na nyumba ndani ya mwezi mmoja. Alimwomba mumewe asipeleke barua ya kuacha kazi mpaka majibu ya mtihani yatoke. Kisilu akamwambia kwamba wanaongoja majibu ni wale wasiojua walichoandika. Barua ilikuwa tayari mfukoni mwa koti, na nyumba ya Donholm alikuwa amekwisha kuichagua, yenye dirisha la kutazamia ndege zake.

Siku ya mtihani walipewa karatasi saba. Palikuwa na hesabu za haraka na maumbo ya kugeuza akilini, na Kisilu alizimaliza bila taabu. Swali la mwisho lilibeba nusu ya alama zote: ndege tatu zinakuja kwa pamoja, njia ya kutua ni moja, eleza utakavyofanya. Kisilu alitabasamu. Aliandika mistari miwili, akaweka kalamu chini, akatoka wa kwanza. Njiani alimpita Laban akitoka jasho juu ya ukurasa wake wa tatu, akamsikitikia kidogo, si sana.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa stesheni na kumkabidhi ile barua. Mkuu alimuuliza mara mbili kama ana hakika, kisha akaigonga muhuri. Nyumbani, Kavata alipoambiwa, alianza kuzungushia vikombe magazeti.

Jioni Kisilu alimpeleka Laban soko la Burma, akamnunulia mbavu za kuchoma za kumliwaza. Laban hakuwa na hamu ya kula. Alisema ndege ya kwanza aliiruhusu itue, na zile mbili akaziamuru zizunguke, moja juu, nyingine chini yake, na sasa alihofu kwamba alichanganya vimo vyake.

Kisilu alicheka mpaka mafuta ya nyama yakamtiririkia mkononi.

"Kuzungukazunguka ya nini, Laban? Kurasa tatu za kuzungusha ndege kama kuku wanaotafuta pa kutagia." Alijifuta kwa kipande cha ugali, akakila. "Mimi nimeziwashia nyekundu zote tatu. Zimesimama pale pale zilipo, juu ya Athi River, tuli, zinangoja niziite."