Udongo wa Maua ya Midomo

Mama Faisal alilifinya donge la udongo, akafungua kiganja, akalitazama lilivyomeguka. Kisha akatikisa kichwa.

"Kirumba nako hapana. Huu una chumvi ya dagaa, utaunguza mizizi."

Mzee Mashimba aliipokea hukumu hiyo kama alivyozipokea zilizotangulia, kofia mkononi. Akanyoosha mkono achukue kopo lake.

"Liache hapo," mama alisema. "Utapandisha udongo mbovu mpaka mlimani, kwani wewe punda? Nitaumwaga."

Ilikuwa hivyo tangu masika. Mzee Mashimba alikuwa fundi wa kuandika mabango ya maduka mjini Mwanza, mpaka mashine za kuchapisha zilipoichukua kazi yake. Nyumba yake ya Igogo ilikaa juu ya mwamba, na uwanja wote ulikuwa jiwe. Ukitaka kupanda kitu pale, udongo unautafuta kwingine. Marehemu mkewe, Sabina, alitamani sana maua ya midomo mlangoni, yale ambayo ukiyabana mashavuni yanafungua kinywa kama yanataka kusema neno. "Kesho," mzee alikuwa akimjibu, miaka yote. Sasa nyumba ile haikuwa na sauti nyingine ila ya redio.

Ndipo akashuka Mkuyuni, kwenye duka la pembejeo la Mama Faisal, akanunua pakiti ya mbegu ndogo kama ugoro. Mama huyo naye alikuwa mjane, na wanawe walikuwa Dar es Salaam.

"Usiifungue kwanza," alimwonya. "Maua haya yanadeka. Niletee udongo niuone."

Akaleta. Aliubeba katika makopo ya rangi yaliyobaki kwenye kazi yake, na kila kopo aliliandika ubavuni, kwa brashi na rangi nyekundu, jina la mahali udongo ulikotoka. Mkono wake haukujua kuacha kitu bila maandishi. BUHONGWA lilitangulia. Udongo wake ulikuwa mweusi, laini, na mzee aliuwekea matumaini.

"Unashika maji mno," Mama Faisal alisema.

BUSISI lilivuka naye daraja kwenye basi, limepakatwa kama mtoto. Likaonekana kuwa ni mchanga mtupu. KISESA likawa na changarawe. Na sasa KIRUMBA.

Mama hakuhukumu kwa haraka. Alitia konzi ya udongo katika chupa ya jemu, akaongeza maji, akatikisa, akaiweka juu ya kaunta. Ilibidi wangoje mpaka matabaka yatulie, mchanga chini, mfinyanzi juu. Wakingoja, walikunywa chai ya tangawizi. Zamani alikuwa akimwamkia, "Shikamoo, mzee." Siku hizi shikamoo ilikuwa imepotea. Akimwona mlangoni alisema tu, "Umechelewa leo," ingawa hawakuwa wameahidiana saa yoyote. Mzee alidhani amemchosha.

Siku moja Ndalahwa, mfuga kuku wa jirani, aliwakuta wanaitazama chupa.

"Mzee, bado tu? Mungu mwenyewe alipomuumba Adamu hakuchagua udongo hivi!" Akacheka peke yake. "Shemeji yangu kayapanda kwenye kifusi hayo maua, yanachanua mpaka kero."

"Dawa yako hiyo," Mama Faisal alisema, akimsukumia pakiti. "Nenda, kuku wanakufa."

Mzee Mashimba hakulitilia neno hilo maanani. Kifusi cha mtu mwingine hakikumhusu. Jioni ile alipanda mawe ya Igogo taratibu, akafungua mlango, akawasha redio, akakaa. Simu ilipolia alikuwa Paulo, mwanawe wa Geita, na neno lake lilikuwa lile lile: baba, njoo huku, nyumba hiyo unamlindia nani?

Safari hii mzee aliizima redio, akamsikiliza.

Aliporudi Mkuyuni alikuwa na kopo lililoandikwa USAGARA. Aliliweka juu ya kaunta, na hakuketi.

"Huu ndio wa mwisho, Mama Faisal. Kijana wangu ananiita Geita. Nimeshamwambia, udongo huu ukikataa, nafunga nyumba nakwenda. Ukikubali, nitapanda, nitabaki." Akatabasamu kidogo. "Vyovyote vile, sitakusumbua tena."

Mama Faisal hakulifinya donge. Alitia udongo chupani, akatikisa, akaweka. Maji yalichafuka, yakatakata, mchanga ukakaa chini na mfinyanzi juu yake. Chai ikapoa bila kuguswa.

"Sasa, unafaa au haufai?"

Aliitazama ile chupa kama mtu anayesoma herufi ndogo. Akafungua kinywa, akakifunga.

"Kaumwage," alisema mwishowe, macho yakiwa chini. "Leo kaumwage mwenyewe. Pita hapo kwenye pazia, nyuma ya duka."

Basi ni Geita. Mzee alilikumbatia kopo lake, akawaza jinsi atakavyoufunga ule mlango wa Sabina usio na ua hata moja. Akalisogeza pazia kwa bega, akatoka juani.

Ukutani makopo yake yalikuwa yamepangwa kama yalivyokuja. KIRUMBA lilikuwa na miche inayoanza kuchomoza, KISESA na BUSISI yalikuwa yamejaa vitumba, na BUHONGWA lilikuwa limechanua maua ya midomo, mekundu na ya njano, yameinama mpaka yanafunika herufi. Pembeni ya KIRUMBA palikuwa na nafasi ya kopo moja, pamefagiliwa.