Sahani ya Bi Kidawa

“Zeyana, kuosha vichupa vya maabara ndio udaktari? Sahani ya Bi Kidawa ikae mbali na sinia letu!” Mama Shani, jirani yao kina Zeyana, alifoka.

Zeyana, mwanafunzi aliyekuwa akifanya mafunzo ya likizo katika hospitali ya saratani, hakurudi nyuma. “Mama Shani, nashinda na wagonjwa kutwa. Saratani haiambukizi.”

“Basi kale naye wewe!”

Kila Ijumaa majirani walikula kwao Zeyana. Tangu akatwe titi kwa saratani, Bi Kidawa, mmoja wao, alipakuliwa peke yake, kizingitini. Zeyana akamwondolea sahani mapajani.

“Bibi, ingia ndani. Nawa tule pamoja.”

Birika la kunawia lilikuwa mkononi mwa Mama Shani. Bi Kidawa akaingia, akamnyooshea mikono.